Kijana wangu ni shotistopu wa besiboli. Wakala anataka 185,000 ampeleke Ulaya. Nitoe?

Mama Baraka, Gikomba

Hamjambo wote. Mimi nauza viatu vya mitumba Gikomba, mama wa watoto watatu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma tu hapa bila kuandika. Leo imebidi niandike kwa sababu nimepewa mpaka Ijumaa nitoe jibu.

Kifungua mimba wangu, Baraka, ana miaka 19. Anacheza besiboli. Najua mtauliza besiboli Nairobi inachezwa wapi. Inachezwa. Akiwa darasa la sita, Mjapani mmoja wa kujitolea alifika shuleni kwao na mfuko wa glavu na magongo, na yule mgeni aliporudi kwao, watoto saba hivi hawakuacha. Sasa wamebaki wanne, wamejiunga na wakubwa wengine, na wanacheza kila Jumapili kwenye uwanja wa murram ambao watu wa kandanda wameuacha kwa sababu ya mawe.

Glavu yake mwenyewe ya kwanza niliitoa mimi kwenye belo. Nilifungua belo ya viatu vya michezo saa kumi na moja alfajiri, na katikati ya raba nikakuta kitu cha ngozi kama kiganja cha jitu. Jirani yangu wa kibanda akaniambia nimuuzie fundi viatu, ngozi ile ni nzuri kwa viraka. Nikaipeleka nyumbani. Baraka aliipaka mafuta, akatia mpira ndani, akaifunga kwa kamba na kuilalia chini ya godoro wiki nzima. Aliniambia ndivyo inavyoshika umbo la mkono.

Anacheza nafasi wanayoiita shotistopu, anayelinda pale kati ya besi (kituo cha kukimbilia) ya pili na ya tatu. Mimi nilicheza raundasi nikiwa msichana, kwa hiyo mambo ya kukimbia besi nayaelewa. Lakini hii ya mtoto ni kitu kingine. Jumapili moja nilipitia uwanjani kutoka kanisani. Mpira ukapigwa chini kwa nguvu, ukagonga jiwe, ukaruka moja kwa moja kuelekea usoni pake. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua mpira ulikuwa tayari besi ya kwanza, na yule mkimbiaji anarudi akitikisa kichwa. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba si mchezo wa kupitisha muda.

Sasa mwezi uliopita ameandikiwa ujumbe na mtu anayejiita wakala. Anasema ana nafasi kwenye klabu ya Ulaya, kisha atampeleka Australia, kisha Japani, na kwamba mchezaji wa ndani, yaani wa karibu na besi, anaweza kuzunguka nchi tano akarudi amejenga. Anataka shilingi 185,000 za kufungua faili, viza na majaribio. Mkataba aliotuma ni kurasa mbili. Hauna jina la uwanja wala tarehe ya mechi hata moja. Anasema nafasi zinafungwa Ijumaa.

Pesa zipo. Sehemu ni akiba yangu, sehemu ni chama, maana mwezi huu ni zamu yangu kupokea. Nilikuwa nimezipangia dadake Baraka, aanze chuo cha uuguzi mwezi wa tisa. Dadake mwenyewe ameniambia, "Mama, mpe yeye, mimi nitangoja." Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nauliza mambo mawili. Kweli kuna watu wanaoishi kwa kazi ya kuhama nchi hadi nchi wakicheza besiboli? Na kama wapo, hivi ndivyo wanavyoanza? Tafadhali msiniambie acheze kandanda. Kandanda amejaribu.

Dereva wa Jogoo Road

Mama Baraka, usitume hata shilingi moja. Ndugu yangu alitozwa "pesa ya faili" hivyohivyo kwa kazi ya ulinzi ng'ambo. Mkataba wake pia ulikuwa kurasa mbili na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Mtu mwenye kazi halisi hakukimbizi hivyo. Mambo ya mpira wenyewe nawaachia wanaoyajua.

Mwalimu wa Zamani, Kasarani

Mama Baraka, pole kwa kukosa usingizi. Nimefundisha michezo shule za upili miaka 26, softiboli ya wasichana kwanza, kisha besiboli, na swali lako la kwanza ni swali ambalo nimekuwa nikitamani mzazi aniulize.

Ndiyo, watu hao wapo. Mchezaji wa besiboli ambaye si nyota huishi kama mfugaji, anafuata malisho. Kuanzia Aprili mpaka Septemba kuna michezo Marekani, Japani, Korea Kusini, na Ulaya kwenye nchi kama Italia, Uholanzi, Ujerumani na Ucheki. Kuanzia Oktoba na Novemba, ligi za majira ya baridi zinaanza: Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Puerto Rico, na ile ya pwani ya Pasifiki ya Meksiko. Novemba Australia nao wako uwanjani, maana kwao ndio kiangazi. Kwa hiyo mtu anaweza kuvua njumu Italia mwezi wa tisa na kuzivaa tena Sydney miezi miwili baadaye. Wako wanaofanya hivyo miaka kumi bila jina lao kusomwa kwenye habari.

Lakini acha nikusimulie habari za mmoja, kwa sababu yeye ni Mwafrika, ni shotistopu, na habari zake ni za mama pia.

Anaitwa Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini, amezaliwa 1990. Mama yake alifanya kazi kwenye nyumba ya klabu ya besiboli ya Randburg Mets, karibu na Johannesburg, na familia ilipewa chumba humohumo klabuni. Yaani mtoto akifungua mlango anakanyaga uwanja. Mwaka 2008 alikwenda kwenye kambi ya vijana ya Ligi Kuu ya Marekani iliyokuwa Tirrenia, Italia, ambako mmoja wa walimu alikuwa Barry Larkin, shotistopu mkubwa wa Cincinnati. Mwaka huohuo Pittsburgh Pirates wakamsaini. Alikuwa na miaka 18.

Mama, sikiliza sasa muda uliopita. Alianza ngazi ya chini kabisa 2009, akapanda ngazi moja moja, miji midogo, safari za basi usiku. Mikono yake ilisifiwa kila mahali. Gongo ndilo lililomchelewesha. Aliitwa Ligi Kuu tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia bara hili kufika pale. Aliingizwa katikati ya mechi dhidi ya Chicago Cubs, na mara ya kwanza kabisa kusimama na gongo akaupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) mkubwa, akafika besi ya kwanza. Mama yake alikuwa ameshafariki, mwaka 2013. Huwa nikiwasimulia vijana nikifika hapo nanyamaza kidogo, kisha tunaendelea na mazoezi.

Alicheza mechi 28 mwaka huo. Mwaka uliofuata, kule Toronto Blue Jays, mechi 13. Jumla 41. Baadaye alicheza Australia pia. Miaka minane ya kungoja kwa mechi 41, na mimi nasema ni maisha yaliyofanikiwa kabisa, maana alilipwa kufanya kazi aliyoipenda tangu akiwa kijana, na mdogo wake Victor naye akasainiwa na Pirates. Baraka akisikia hesabu hiyo na bado macho yake yang'ae, basi huyo ni mchezaji. Akinywea, afadhali mjue mapema.

Kuhusu gongo, hapa ndipo wazazi wengi hudanganywa. Klabu ya nchi nyingine ikileta mgeni, inamleta afanye kile ambacho vijana wa nyumbani hawawezi. Korea Kusini ina timu 10, na kwa miaka mingi kila timu iliruhusiwa wageni watatu, wawili kwa kawaida wakiwa warushaji. Unabaki na kiti kimoja. Kiti hicho hawampi mtu wa kudaka tu, wadakaji wazuri wanao tele. Wanampa mpigaji. Eric Thames alikuwa amekwama Marekani, akaenda NC Dinos 2014, wakamsimamisha besi ya kwanza. Mwaka 2015 alipiga mipira 47 ikavuka ua na akaiba besi, yaani akakimbilia inayofuata bila mpira kupigwa, mara 40. Milwaukee Brewers wakamrudisha kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 16. Lakini huyo ni mtu ambaye tayari alikuwa amecheza Ligi Kuu. Anayekuahidi Japani kama kituo cha tatu cha kijana ambaye hajawahi kuonekana na skauti (mtafuta vipaji wa klabu), hajui anachokiuza, au anakijua vizuri mno.

Upande wa glavu nao una habari njema. Tangu 2023 sheria za Ligi Kuu zinataka wachezaji wawili wa ndani wawe kila upande wa besi ya pili, na miguu yao isivuke ukingo wa nyuma wa udongo mrushaji anaporusha. Zamani timu ziliwapanga watatu upande mmoja, wakaziba mapengo kwa hesabu. Sasa mapengo yanazibwa kwa miguu. Shotistopu mwenye hatua ya kwanza ya haraka amepanda thamani. Besi na besi ni mita 27.4, na mkimbiaji mzuri anatoka kwenye gongo mpaka besi ya kwanza kwa sekunde 4 na kitu. Ndani ya muda huo mpira usafiri, udakwe, uhamishwe mkononi, na urushwe uwanja mzima. Kijana uliyemwona akifanya hivyo baada ya mpira kugonga jiwe ana kitu mkononi.

Sasa swali la pili. Hapana, hivi sivyo wanavyoanza. Katika mchezo huu pesa hutoka kwa klabu kwenda kwa mchezaji. Klabu ya Marekani ikikusaini kutoka ng'ambo inakupa pesa za kusaini, inashughulikia viza, inakulipia nauli. Makubaliano ya 2023 yaliweka mshahara wa ngazi ya chini kabisa kuwa dola 19,800 kwa mwaka, na ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu dola 35,800, na nyumba klabu inatoa. Si utajiri, lakini hakuna mchezaji anayelipia faili. Klabu za Ulaya ni ndogo zaidi: mgeni hupewa tiketi ya ndege, chumba, mara nyingine baiskeli, posho kidogo, na jioni anafundisha watoto wa klabu. Hata hao wadogo hawamtozi mchezaji.

Muulize huyo wakala mambo matatu kwa maandishi. Klabu inaitwaje na nani pale nimpigie mimi mwenyewe? Mechi ya kwanza ni tarehe ngapi, uwanja gani? Nauli analipa nani? Usiongeze la nne.

Na chuo cha uuguzi kianze mwezi wa tisa. Nasema hivyo kama mwalimu aliyeona wasichana wengi wakingoja.

Niko Osaka

Dada, mimi ni mtu wa Umoja, huku niko mwaka wa saba, natunza wazee. Uwanja wa besiboli wa Koshien uko chini ya dakika ishirini kwa treni kutoka hapa mjini. Ni uwanja wa 1924, na mpaka leo sehemu yote ya ndani ni udongo, hakuna nyasi pale anaposimama shotistopu. Vijana wa shule za upili wakishindwa kwenye mashindano ya Agosti hupiga magoti wakichota udongo ule kwenye mifuko wauchukue nyumbani. Mara ya kwanza kuwaona nililia, nikakumbuka vumbi la kwetu. Mwambie Baraka murram si aibu.

Kuhusu kuhama nchi, huku mtu wanayempenda sana ni Munenori Kawasaki. Alikuwa shotistopu nyota wa Hawks wa Fukuoka na alishinda kombe la dunia na Japani 2006 na 2009. Angeweza kukaa kwao akala vizuri. Mwaka 2012 akakubali mkataba wa ngazi ya chini kwenda Seattle, kisha Toronto miaka mitatu, kisha Cubs. Akarudi Fukuoka, akaugua, akapumzika, akaibuka Taiwan 2019, na mwaka uliofuata akajiunga na Tochigi, timu ya ligi ndogo ya kujitegemea. Kingereza chake kilikuwa cha kubahatisha lakini Toronto walimpenda kama mtoto wao, kwa sababu ya moyo. Nasema hili kwa vile mtoto anayekwenda ugenini hutathminiwa hata anapokuwa benchi: anavyosalimia, anavyobeba vifaa, anavyoshangilia wenzake.

Na Mwafrika amefika huku kwa njia ya halali. Sanfo Lassina wa Burkina Faso alifundishwa kwao na Mjapani wa kujitolea, kama mwanao, akaletwa kujaribiwa, na 2015 akasainiwa na Kochi Fighting Dogs, kwenye ligi ya kujitegemea ya kisiwa cha Shikoku. Waliomleta ni watu waliomfahamu tangu utotoni. Yule Mjapani wa Baraka mlipoteza anwani yake? Mwandikieni. Hawa watu hawasahau wanafunzi wao.

Kijana wa Kayole

Mama, mimi nacheza pia, sitaki kusema timu gani. Kabla ya Ulaya mwangalie Uganda. Lugazi ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto za Little League kule Pennsylvania, 2012. Mwaka uliotangulia Waganda walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza, na bado hawakuacha. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote warushaji, sawa, lakini skauti akija kutazama mrushaji anamwona na aliye nyuma yake. Dennis Kasumba, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, alianza kujulikana kwa video za mazoezi yake ya matairi na chupa, na 2023 akacheza Frederick Keys kule Maryland, kwenye ligi ya wanaotafuta kuchaguliwa na klabu za Ligi Kuu.

Basi la Kampala linatoka River Road jioni na asubuhi umefika. Nauli ya kwenda na kurudi haifiki hata sehemu ya kumi ya hizo 185,000. Nimeenda mara mbili kucheza mechi za kirafiki na nilipokelewa vizuri.

Video ya Baraka iko? Isiwe ya mbwembwe. Simu isimame nyuma ya besi ya kwanza, mipira ishirini mfululizo bila kukata, hata anayoikosa iwepo.

Mama Baraka, Gikomba

Nimewasoma wote, na jana usiku nikamsomea Baraka kwa sauti mkeka ukiwa chini, dadake akisikiliza. Nilipofika mahali pa mechi 41 Baraka alikaa kimya. Kisha akauliza, "Alicheza nafasi gani kwenye ile mechi ya kwanza?" Nikajua macho hayajazima.

Nilimtumia wakala maswali matatu kama Mwalimu alivyosema, maneno yaleyale. Alichelewa kujibu mpaka jioni. Jina la klabu hakutoa. Nauli hakugusia. Alisema kwa sababu mimi ni mama mwaminifu atanipunguzia, nitume 90,000, zilizobaki tutamalizia baadaye. Sijamjibu na sitamjibu. Ninachosikitika ni kwamba alimfanya mtoto ahesabu siku.

Yule Mjapani tumempata. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa na barua yake ya Krismasi yenye anwani. Baraka anaandika leo kwa Kiswahili, maana mgeni yule alijifunza Kiswahili chetu hapahapa, na nimemwambia amweleze wale wanne waliobaki ni akina nani, asijitaje peke yake.

Dadake anapeleka fomu zake Jumatatu.

Jumapili tunachukua video. Kijana wa Kayole, karibu uje, lete na simu yako kama kamera yake ni nzuri kuliko yangu. Baraka anasema skauti hupima pia mbio za yadi 60. Mwalimu, hizo ni mita ngapi, na apime akiwa na njumu au raba? Uwanja una mteremko kidogo upande wa mtaro.

Mwalimu wa Zamani, Kasarani

Mita 54.9. Chini ya sekunde 7 wanaanza kukusikiliza. Avae njumu. Msipime upande wa mteremko, pimeni kukatiza uwanja. Akimbie mara tatu na apumzike vizuri katikati, na uandike zote tatu, hata ile mbaya. Nitakuja na saa yangu na utepe wa kupimia.